Yai la Zizi la Werema

Mvua za kwanza zikishalowesha ardhi, Waisiko alichukua kikapu chake, akajitanda kanga, akatoka kijijini kwa kuzunguka nyuma ya shule ili balozi wa nyumba kumi asimwone na kumuuliza aendako. Alikuwa anakwenda nyumbani. Hilo huwezi kumwambia balozi, maana balozi aliamini kwamba nyumbani kwa Waisiko ni pale pale kijijini, nyumba ya mwisho katika mstari wa pili, yenye vyumba viwili na mlango unaotazamana na mlango wa jirani. Balozi akishaamini jambo, kubishana naye ni kujichosha bure.

Nyumbani, kwa jinsi alivyojua Waisiko mwenyewe, palikuwa ng'ambo ya mto, kwenye mteremko wa upande wa Genkuru. Operesheni ya Vijiji ilipopita huko mwaka wa sabini na nne iliacha mahame matupu. Mgambo walishusha mapaa ili watu wasije wakarudi, na kuta za udongo zikaanza kulainika zenyewe kwa mvua. Kilichobaki kizima ni zizi la ng'ombe, kwa sababu zizi halina paa la kushusha. Ua wake wa minyaa ulisimama vile vile kama marehemu mumewe, Werema, alivyoupanda, na ndani yake udongo ulikuwa mweusi na laini kwa samadi ya miaka mingi. Humo ndimo lilimoota yai.

Si yai la kuku. Ni uyoga, ila hauna shina wala mwavuli, na mtu asiyeujua anaweza kuupita akidhani ni jiwe lililooshwa na mvua. Unatokea mdogo kama kidole gumba, siku chache baadaye unalingana na kichwa cha mtoto mchanga, mweupe pee, ngozi yake laini. Uyoga wa aina hiyo hauonekani kila mahali. Ulipenda mazizi ya zamani, na zizi la Werema ulilipenda kuliko mengine yote. Mama mkwe wa Waisiko ndiye aliyeuita yai, na wote waliolia njaa katika boma lile wakaendelea kuuita hivyo.

Kulipika kulikuwa na adabu yake. Unalikata kwanza kutoka juu mpaka chini ulitazame ndani. Likiwa jeupe kote, bila mstari wala doa, kama samli iliyoganda, unakula. Likiwa na manjano, umechelewa. Ukikuta ndani mmechorwa umbo la kamwavuli kadogo, hilo si yai hata kidogo, ni uyoga mwingine unaojifanya, na aliyeula hakupata nafasi ya kuwasimulia wenzake ladha yake. Basi unamenya ngozi, unakata vipande vipana, wala huoshi kwa maji, kwa sababu linakunywa maji yote na kukuachia tope. Unakaanga kwa samli mpaka kingo zigeuke rangi, unatia chumvi, unamwagia mtindi kidogo, unafunika. Kwa obokima wa mtama na muhogo, ule ugali mzito wa Wakurya, mtu alikula mpaka akasahau kuulizia nyama.

Lakini yai usipolila lilikuwa na kazi nyingine. Likiachwa pale pale linageuka manjano, halafu kahawia, ngozi inakauka na kuwa nyepesi kama ganda la kitunguu, na ndani panabaki vumbi tupu, jepesi kama moshi. Vumbi hilo Waisiko alilitia katika kibuyu kidogo chenye kizibo cha gunzi. Aliyejikata na panga alinyunyiziwa, damu ikashika. Aliyeungua kwa uji alipakwa. Wavuna asali waliomba ngozi yake wachome, maana moshi wake huwalegeza nyuki. Zaidi ya yote vumbi lilikuwa la vitovu vya watoto wachanga. Katika ukoo wa Werema, kitovu cha mtoto kikishafungwa, mama mkwe wa nyumba ndiye aliyekitia vumbi, na ni lazima liwe vumbi la zizi la nyumba hiyo. Hapo ndipo mtoto alipohesabiwa kuwa wa zizi. Baba anaweza kufa, mama anaweza kuondoka, ila mtoto aliyetiwa vumbi hakuna wa kumdai.

Waisiko alikuwa ametia vumbi watoto wa mashemeji na wa majirani walioomba kwa imani. Wa nyumba yake mwenyewe hakuwahi kumtia hata mmoja.

Alizaa binti wawili na mvulana mmoja aliyekufa kabla ya kutambaa, kisha tumbo likanyamaza. Binti waliolewa, mmoja ng'ambo ya Sirari, mwingine mbali upande wa Musoma, na ng'ombe waliokuja kwa ajili yao wakamwona Werema akiugua na kufa. Alipokwisha kuzikwa, mashemeji wakaanza kupita pita kwenye shamba la mjane wakilipima kwa macho. Waisiko hakuwa mtu wa kelele. Alichukua sehemu ya ng'ombe wa binti zake, akafanya nyumba ntobhu, kama sheria ya Wakurya inavyomruhusu mwanamke asiye na mtoto wa kiume: alimtolea mahari msichana anayeitwa Bhoke, akamleta bomani awe mke wa yule mwana ambaye hakukua. Watoto wa Bhoke, awazae na mwanamume yeyote, wangekuwa watoto wa nyumba ya Waisiko. Mashemeji wakameza mate wakaacha kupita.

Bhoke alimwita mama. Alikuwa msichana mrefu, mcheshi, mpishi asiyejali, mwenye tabia ya kuimba pua ikiwa imefungwa kila akisaga ulezi. Waisiko alimgombeza kwa uji uliojaa mabonge na kwa kuni alizozileta mbichi, lakini akimgombeza alikuwa anafurahi, kwa sababu mtu aliye peke yake hana wa kumgombeza. Katika miaka ile miwili ya mwanzo alizoea kukuta moto umekokwa. Alizoea kukohoa na kusikia mtu akimwambia pole. Mimba haikuja, naye alijipa moyo kwamba itakuja.

Kabla haijaja, wezi wa mifugo waliingia mchana kweupe, wakaondoka na ng'ombe wote waliobaki. Zizi likawa tupu, na mwaka uliofuata likajaa mayai meupe, mengi ajabu, pale ambapo ng'ombe hawakanyagi tena. Halafu likaja lori la kuhamisha watu. Vyombo vya Waisiko vilirushwa juu ya vyombo vya wengine, na walipofika kijijini alikuta jiwe la kusagia limelalia kibuyu cha vumbi, limekiponda, na upepo wa njiani umekwisha kula kilichomwagika. Aliyelirusha jiwe alikuwa kijana wa mgambo asiyejua kibuyu ni nini. Waisiko hakumlaumu. Alisema tu kwamba mvua ikinyesha mayai yataota tena.

Kijijini Bhoke alichangamka. Kulikuwa na vijana wenzake, kulikuwa na shamba la pamoja ambako watu waliimba wakilima, na jioni kulikuwa na kisomo cha watu wazima chini ya dari la ofisi ambayo haijamalizwa. Hapo kwenye kisomo alikutana na Machage, fundi mwashi aliyekuwa akijenga ofisi hiyo hiyo. Alikuwa mwana wa boma la mbali kidogo, mtulivu, mwenye kazi ya kudumu aliyoahidiwa Ikoma, karibu na lango la hifadhi, ambako nyumba za askari wa wanyamapori zilikuwa zinajengwa. Haikupita muda Bhoke akawa anatapika asubuhi. Waisiko alipoona hivyo alikwenda nyuma ya nyumba, akasimama akiwa ameshika ukuta, akacheka peke yake.

Kosa la Machage, kwa macho ya Waisiko, lilikuwa moja tu: hakuwa mwanamume wa kutia mimba na kwenda zake. Desturi ilimtaka awe mgeni, yeye akataka kuwa mume. Akamwambia Bhoke waende wote Ikoma. Akatuma ujumbe kwa baba yake akusanye ng'ombe wa kumrudishia Waisiko mahari yake, ili Bhoke aolewe upya na mtu anayepumua.

Wazee wa ukoo wakakaa. Wanawake wawili wenye hoja walikuwepo, lakini wazee walisikilizana wenyewe kwa wenyewe, kama kawaida yao, kisha wakakata kauli waliyoiona ni ya busara kubwa. Ng'ombe wakifika kabla mtoto hajatiwa vumbi la zizi la Werema, Bhoke ataondoka na mtoto wake, awe tumboni au mgongoni. Mtoto akitiwa vumbi kabla ng'ombe hawajafika, mama yuko huru kwenda anakotaka, ila mtoto atabaki kwa Waisiko. Kabla ya hapo Bhoke asihame kijijini. Wakanywa togwa wakatawanyika.

Mwaka huo njaa ilikuwa kali, ng'ombe walikuwa wachache na wamekonda, na baba yake Machage hakuwa na haraka katika jambo lolote. Kila mtu aliona kwamba mtoto atafika kabla ya ng'ombe. Kilichohitajika ni vumbi, na vumbi lilihitaji yai, na mvua hazikunyesha. Watu walikuwa wakila ugali wa yanga, ule wa mahindi ya manjano ya msaada, tena kwa kupimiwa. Waisiko alikwenda mahameni mara kwa mara, akarudi na kikapu chenye kuni tu ili asionekane mjinga.

Ndani ya nyumba ile wawili wakawa wanaishi kama wapangaji. Bhoke alipika kwa heshima, akamimina, akasema karibu mama, akaenda kula chumbani kwake. Hakuimba tena. Waisiko akikohoa husikii pole. Alitamani kumwambia kwamba hataki kumnyang'anya mtu mtoto wake, anataka wote wawili wabaki, mama na mtoto, na moto ukokwe asubuhi. Lakini maneno hayo yalikuwa hayatoki, na angeyatoa yangeonekana ni ujanja, kwa sababu kwa kweli ukimfungia mtoto hapa, mama yake ataenda wapi? Waisiko alilijua hilo, na alilitegemea.

Vuli ilipoanza kwa kuchelewa chelewa, mvua mbili tatu zikapiga mteremko ule, na Waisiko akakuta yai. Moja. Lilikuwa dogo, karibu na mahali ndama walipokuwa wakifungwa, jeupe katikati ya udongo mweusi. Alipiga magoti. Alilizungushia mawe madogo ili mbuzi wa watu wasilikanyage, akalifunika kwa nyasi, akarudi kijijini akitembea kama msichana. Kwa hesabu yake lingekuwa vumbi mapema, mwezi mzima kabla ya Bhoke kujifungua, na zaidi.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo mama mkwe wake asingelifanya. Desturi ya nyumba ile ilikuwa kwamba mke aliyeolewa haonyeshwi mahali yanapoota mayai mpaka awe amezaa, na kitovu cha mtoto kimekauka. Ndipo anapelekwa, anaonyeshwa, anakuwa mwenyeji kamili. Waisiko alimpeleka Bhoke kabla. Alijiambia kwamba ukimya umezidi, kwamba msichana akionyeshwa siri ya nyumba atajua kuwa anapendwa, na moyo wake utarudi. Upweke humfanya mtu atoe vitu vyake vya thamani kwa haraka. Walikwenda polepole kwa sababu ya tumbo, wakapumzika mtoni, Waisiko akisimulia jinsi yeye mwenyewe alivyoletwa hapo zamani akiwa na mtoto mgongoni, na jinsi ya kulikata, na jinsi ya kulitunza, na kwamba kulikanyaga yai la zizi ni kujitafutia laana, lakini kulila likiwa jeupe ni haki ya yeyote wa nyumba.

Bhoke alilitazama muda mrefu. Alisema ni jeupe kweli. Kisha akainama mwenyewe, kwa shida, akazirudisha nyasi juu yake taratibu, na Waisiko alipoiona mikono ile ikifunika akaamini yamekwisha. Jioni hiyo alimwambia jirani yake Mokami kwamba mkwe wake ni mtoto mwema, watu wanamsema tu.

Siku chache baadaye Waisiko alirudi kutoka kwenye shamba la kijiji jua likiwa bado juu. Alipofika usawa wa mlango wa Mokami akasimama. Harufu ya samli ilikuwa inatoka nyumbani kwake, na samli mstari mzima ule hawakuwa wameiona tangu mwaka jana. Chini ya harufu ya samli kulikuwa na nyingine, ya ardhi iliyolowa na kitu kitamu kinachoungua kidogo kingoni. Mtu mwingine angekimbia kwenda kuangalia. Waisiko alisimama akiusikiliza mwili wake, kwa sababu ulikwisha kujua yote na sasa ulikuwa unamsubiri yeye akubali.

Aliingia. Bhoke alikuwa amefagia, ametandika mkeka, ameweka obokima katika ungo na sahani ya bati imefunikwa. Alimletea maji ya kunawa, akapiga magoti kama siku ile alipoletwa bomani mara ya kwanza, akammiminia. Waisiko akanawa mpaka maji yakaisha kwenye kibuyu. Bhoke akafunua sahani.

"Mama," alisema, "ni lile."

"Nimelijua nikiwa kwa Mokami."

"Sikulikanyaga. Nililikata juu mpaka chini, lilikuwa jeupe. Samli ameileta Machage. Nikasema wa kwanza kulila uwe wewe, ni la kwako."

Waisiko alitazama vile vipande. Vilikuwa vimekatwa vizuri, vipana, ngozi imemenywa yote, mtindi umetiwa wakati wake. Kila alichofundisha pale zizini kilikuwa kimesikika. Alifikiri ataitupa sahani ile nje mstari mzima uone. Angeweza. Angewaita wazee pia, lakini angewaambia nini? Kwamba mkwe wake amempikia chakula?

"Ungeniomba," alisema.

"Ungenipa?"

Hapo Waisiko angeweza kusema uongo, na Bhoke angeuheshimu uongo huo. Aliitazama tu sahani. Nje watoto wa shule walikuwa wanapita wakiimba, wakaisha kupita.

"Mama, ningekuachia kila kitu," Bhoke alisema. Alikuwa analia bila kujifuta, mikono yake yote ikiwa chini ya tumbo. "Jembe, nguo, hata jina. Ningekuja kukulimia kila mwaka. Mtoto siwezi."

Waisiko alikuwa mama wa mvulana aliyekufa kabla ya kutambaa, na kati ya watu wote wa kijiji kile labda yeye peke yake alijua neno siwezi linatoka wapi mwilini. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Angemchukia, ingekuwa nafuu. Alikata tonge, akalibonyeza, akachota.

Lilikuwa tamu. Hakuwa amekula kitu kitamu kiasi hicho mwaka mzima, na njaa yake haikuona haya, ilifurahi ndani ya mtu anayelia.

"Kaa tule," alisema. "Unasimamia nini?"

Bhoke akakaa. Walikula sahani moja, jambo ambalo hawakulifanya tangu wahamie. Waisiko akasema chumvi imepungua kidogo. Bhoke akasema ndiyo mama, ilikuwa imebaki ile ya chini ya kopo tu. Mara mbili Waisiko alimsukumia kipande kikubwa kwa kidole, bila kumtazama, kwa sababu mwenye mimba anatakiwa ale. Walipomaliza, alifuta sahani kwa tonge la mwisho, akalitia kinywani, akalimeza.

"Ukijifungua," alisema, "kitovu usikitie kitu. Fanya vile anavyosema Regina."

Regina alikuwa nesi wa zahanati mpya. Tangu afike alikuwa akiwakataza kina mama kutia vitovuni samadi, majivu, vumbi, au chochote kinachotoka ardhini, na Waisiko alikuwa akimpita njiani kwa salamu fupi ya kuudhika. Bhoke alielewa alichopewa: hata yai jingine likiota, mtoto hatadaiwa. Aliinamisha kichwa mpaka kikagusa goti la Waisiko, akakaa hivyo, na Waisiko akamwacha akae.

Baba yake Machage, aliposikia kwamba sasa hakuna vumbi na hakuna haraka, alizidi kupunguza mwendo, lakini mwishowe ng'ombe walifika, wamekonda, na wazee wakakaa tena wakawatazama meno, wakasema jambo limekwisha salama na kila mtu amepata chake. Ng'ombe wa Waisiko wakaingizwa katika zizi la kijiji pamoja na wengine. Bhoke akaondoka kwa basi la Mugumu, tumbo limeshuka kwa kukaribia kuzaa, Machage akiwa amebeba masanduku. Alimwambia Waisiko kwamba watakuja kumsalimia. Alimaanisha kweli. Lakini Ikoma ni mbali, nauli ni nauli, na mwenye mtoto mchanga hana siku ya bure.

Waisiko alikaa na nyumba yake ya vyumba viwili. Chumba cha Bhoke alikifagia kila Jumamosi. Mahali alipochoka zaidi ni asubuhi, kukoka moto mwenyewe na kukohoa mwenyewe. Alianza kusema pole kwa sauti, akajisikia, akaacha.

Masika ya mwaka huo mpya yalikuwa mazuri, mvua zilizochelewa zote zikaja kwa pamoja, na zizi la Werema likatoa mayai ambayo hata mama mkwe wake hakuyasimulia. Yalitapakaa kuanzia lango hadi chini ya minyaa. Kina mama wa mstari wa pili na wa tatu walipomwona anarudi na kikapu kimejaa walimpongeza, wakasema afadhali, sasa vumbi litapatikana, maana wengine walikuwa wanamsikiliza Regina mchana na wakirudi nyumbani wanataka pia la zamani. Waisiko aliwaambia vumbi hakuna, waende zahanati. Wakanong'ona kwamba siku hizi amekuwa mchoyo tangu akimbiwe na mkwe.

Haukuwa uchoyo. Aliyala yote yakiwa meupe. Aliyachuma mapema, kila alilolikuta, akayapika kwa samli ya ng'ombe wake, na yaliyomshinda aliyakata vipande akayaanika juu ya paa kwa ajili ya mchuzi wa kiangazi. Hakuacha hata moja lizeeke pale zizini. Kuacha yai lizeeke ni kumsubiri mtu, na yeye kusubiri alikwisha kukuchoka.

Mchana mmoja wa masika hayo, lori la chama cha ushirika lilisimama barabarani, na dereva wake, Nashoni, akaja mpaka mlangoni akiwa ameshika kofia. Nashoni alikuwa mtu wa ukoo, alipeleka pamba na kuleta habari, na kati ya mizigo hiyo miwili alikuwa makini zaidi na pamba. Alimkuta Waisiko akiwa na sahani mkononi, amekwisha kupika na anakaribia kukaa. Nashoni akamwamkia shikamoo, akapewa kigoda. Akaeleza barabara ya Mugumu ilivyokatika, gari lilivyolala njiani, nyumbu walivyopita mbele ya taa kama maji. Kisha akakumbuka. Alimwona Machage sokoni Ikoma. Bhoke alikwisha kujifungua, tangu mwezi wa pili, salama.

Waisiko aliweka sahani chini.

"Wa kike au wa kiume?"

Nashoni hakuwa ameuliza. Machage alisema mtoto, naye akafurahi, akampa mkono, wakaendelea na mambo mengine. Ndivyo wanaume wanavyochukua habari, wanabeba mfuko bila kuangalia kilichomo. Akasema safari nyingine ataulizia. Waisiko akasema haidhuru.

Alikunja na kukunjua upindo wa kanga.

"Na kitovu kilidondoka vizuri?"

Nashoni akacheka, si kwa ubaya. "Mama, mimi mambo ya vitovu nitayajulia wapi? Mtoto si ameshazaliwa."

"Basi. Nilikuwa nauliza tu."

Akamkaribisha chakula. Nashoni akatazama vile vipande vyeupe katika mtindi, akashukuru, akasema yeye uyoga hali, tangu utotoni unamkataa. Waisiko akafunika sahani, akamsindikiza mpaka kwenye lori, akangoja liondoke, akarudi ndani akala peke yake.